Maswali na Majibu: Balbu za LED Ndani ya Kabini ya Lori

Maswali yaliyonifikia safari hii yanahusu kubadilisha balbu za kawaida za ndani ya kabini na kuweka za LED. Kwa kuwa karibu malori yote makubwa ya barabara zetu yanatumia umeme wa volti 24, hesabu zilizomo humu ni za volti 24, isipokuwa pale niliposema vinginevyo.

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa semi, safari zangu ni Dar es Salaam hadi Lubumbashi, na mara nyingi tunalala kwenye foleni Tunduma. Usiku tunawasha taa za kabini tukila na kupanga karatasi za mzigo, na asubuhi injini inagoma kuwaka. Je, nikiweka LED tatizo litakwisha?

Jibu: Marahaba. Litapungua, lakini huenda lisiishe. Chukua kabini yenye balbu nne za wati 10 kila moja. Jumla yake ni wati 40, ambazo kwa volti 24 ni takriban ampea 1.7. Mkiziwasha tangu saa moja jioni hadi saa saba usiku, mtakuwa mmekula kama ampea-saa 10 za betri (yaani ampea mara idadi ya saa). Balbu ya LED yenye mwanga wa kutosha kazi hiyo hula wati moja hivi, kwa hiyo balbu nne kwa muda uleule zitakula ampea-saa moja tu. Faida yake ni kubwa na haina ubishi.

Lakini sasa tazama betri zenyewe. Semi hubeba betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana, na betri za ampea-saa 180 ni za kawaida kabisa. Kutoa 10 katika 180 hakuwezi kuifanya injini igome. Ikiwa ni kweli kwamba taa peke yake ndizo mlizowasha, basi betri zimechoka au altaneta haizijazi. Na ikiwa kulikuwa pia na friji ndogo, redio, na inveta ya kuchajia simu za watu watatu, basi taa zinasingiziwa. Zima kila kitu, acha gari lipumzike saa chache, kisha upime betri moja moja kwa multimita. Betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.7, na ikisoma 12.2 imebaki na kama nusu. Ukikuta moja inasoma 12.6 na mwenzake 12.0, ugonjwa umeshauona, na hakuna balbu itakayoutibu. Weka LED hata hivyo, ila usiahirishe kushughulikia betri kwa sababu umeweka LED.

Swali: Nilinunua balbu kumi za LED Kariakoo kwa ajili ya Fuso yangu. Nane zimeungua ndani ya siku tatu, na moja imeanza kuyeyusha kava la taa. Muuzaji anasema LED haiungui. Nani mkweli?

Jibu: Bila kuziona siwezi kuapa, lakini dalili ulizozieleza ni za balbu za volti 12 zilizowekwa kwenye gari la volti 24. Balbu nyingi za bei ya chini zina vipande vitatu vya LED vilivyofuatana, na mbele yake rezista moja ya kuupunguza umeme. Vipande vitatu hubakiza kwao kama volti 9, na kinachozidi hubebwa na rezista. Kwenye gari dogo, injini ikiwa inanguruma, umeme hufika volti 14, hivyo rezista hubeba 5. Kwenye lori lako umeme hufika volti 28, hivyo rezista ileile hubebeshwa 19. Mkondo huongezeka karibu mara nne, na joto la rezista huongezeka kama mara kumi na nne. Hilo ndilo joto lililoanza kuyeyusha kava.

Ukienda dukani tena, usiulize tu kama balbu ni ya lori. Igeuze uisome. Tafuta iliyoandikwa volti 24, na iliyo bora zaidi ni ile iliyoandikwa kuwa inafanya kazi kati ya volti 10 na 30, kwa sababu hiyo ina saketi ndogo ya kuusawazisha mkondo hata umeme ukipanda na kushuka. Iliyoandikwa “12–24” bila maelezo mengine naitilia shaka kidogo, kwani tumeshaona kwamba lori la volti 24 halikai kwenye 24 injini ikiwaka.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza lakini ni bora nilitaje: wapo mafundi ambao, ili kuzitumia balbu za volti 12 zilizokwisha kununuliwa, huvuta waya kutoka katikati ya betri mbili. Mkatalie fundi wa namna hiyo. Betri moja itakuwa inatumika kuliko mwenzake, na altaneta haijui kuzijaza kwa vipimo tofauti; moja itabaki na njaa na nyingine itachemka, hadi zote mbili zife kabla ya wakati wake.

Swali: Nimeweka balbu mpya na haiwaki kabisa. Ya zamani nikiirudisha inawaka. Je, nimeuziwa mbovu?

Jibu: Igeuze kwanza. Balbu ya kawaida haijali upande wa chanya wala wa hasi, lakini LED nyingi hupitisha umeme kwa upande mmoja tu. Ikigoma kwa pande zote mbili, ndipo umrudie muuzaji.

Swali: Taa yangu ya LED juu ya kitanda haizimiki. Nikizima swichi inabaki na mwanga hafifu kama kimulimuli, na usiku unanikera. Balbu ya zamani haikuwa hivyo.

Jibu: Ya zamani nayo ilikuwa ikipata umeme huohuo, ila hukuuona. Katika malori mengi ya kisasa taa za kabini haziendeshwi na swichi peke yake. Kuna kifaa kinachozizima polepole baada ya mlango kufungwa, na swichi nyingine zina kitaa chake kidogo cha kuionyesha gizani. Njia hizo huvujisha umeme kidogo sana. Waya mwembamba wa ndani ya balbu ya kawaida haupati moto kwa umeme huo, lakini LED hutosheka nao ikatoa mwanga.

Tiba iliyo rahisi ni kununua balbu ambayo imetengenezwa ikiwa na rezista ya kuunyonya umeme huo. Fundi umeme anaweza pia kufunga rezista sambamba na holda, lakini hapo namsihi afanye hesabu: rezista ya omu 1,000 kwenye volti 28 hutoa joto la karibu wati 0.8 kila taa inapowashwa, kwa hiyo achague inayostahimili wati 2, na aifunge kwenye bati wala si juu ya kitambaa cha dari. Ila kama kabini yako ni ya zamani isiyo na vifaa hivyo, nenda kwanza kwenye swichi ya mlango. Nimekuta zaidi ya mara moja ikiwa imejaa vumbi na unyevu, na umeme unapita juu ya uchafu huo.

Swali: Niko njia ya Mombasa–Malaba. Taniboi wangu anataka LED nyeupe kabisa, ile yenye kung'aa kama ya hospitali. Mimi nasema itaniumiza macho. Utuamue.

Jibu: Nakuunga mkono wewe, dereva. Macho huchukua hadi nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mkali mweupe unaweza kuyarudisha nyuma ndani ya muda mfupi tu. Tena mwanga wa kabini hupiga kioo cha mbele kwa ndani, na kioo kikageuka kuwa kama kioo cha kujitazamia: badala ya kumwona mwendesha baiskeli asiye na taa, unaiona shati yako. Kwenye pakiti rangi ya mwanga huandikwa kwa kelvini. Balbu ya zamani ilikuwa kama 2,700, na ile anayoitamani taniboi ni 6,000 au zaidi. Chagueni ya karibu 3,000 kwa dari, na taa ndogo ya kusomea upande wake iwe na kava linaloelekeza mwanga chini.

Wengine huweka taa nyekundu kwa sababu haivurugi sana macho usiku. Ni kweli, lakini ijaribuni kabla ya kuinunua, kwani chini ya mwanga mwekundu maandishi ya wino mwekundu hupotea kabisa kwenye karatasi, na mihuri mingi ya forodha unajua ni ya rangi gani.

Swali: Tangu niweke LED, redio inakoroma kwenye FM.

Jibu: Zima taa; koromo likikoma, mkosaji ni saketi ya ndani ya balbu. Mrudishie muuzaji, ununue ya aina nyingine. Kuhangaika na waya wa antena kwa ajili ya balbu moja ni kazi isiyolipa.

Swali: Nataka kubadilisha mwenyewe. Natakiwa kufungua betri?

Jibu: Hapana, chomoa fyuzi ya taa za kabini tu. Nasema hivyo kwa machungu, kwa sababu nilipokuwa kijana niliibandua balbu ndefu yenye ncha mbili za chuma kwa bisibisi huku umeme upo. Bisibisi iligusa bati, ikapiga shoti, na pamoja na taa nikapoteza redio, saa, na ukali wote wa bosi wangu ukanimwagikia. Balbu hizo ndefu zipime kwa rula kabla ya kwenda dukani, kwa maana zipo za milimita 31, 36, 39 na 41, na ukilazimisha ndefu utaipinda mikono ya holda, ukiweka fupi itachezacheza barabara mbaya ikianza. Ukiipachika, hakikisha uso wenye LED unatazama chini, kwani balbu ya kawaida humwaga mwanga pande zote lakini hii humwaga upande mmoja, na nimeona kabini inayong'aa dari peke yake. Fyuzi irudi ileile ya ampea zilezile. Balbu mbili za zamani zilizo nzima zihifadhi kwenye droo ya dashibodi: siku LED ikigoma porini, pachika ya zamani kwenye holda, na itakuambia mara moja kama umeme unafika au haufiki.