Leseni ya Lazima: Je, Ni Kumnyang'anya Mwenye Dawa?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mwaka 2015 shemeji yangu alipelekwa India kutibiwa saratani ya ini, akarejea na vidonge vya kampuni ya huko vilivyouzwa kwa bei ndogo mno kuliko vile vya kampuni ya Kijerumani yenye hataza, yaani haki ya pekee ya kuitengeneza na kuiuza dawa hiyo. Daktari alitueleza kuwa Wahindi hao walipewa "leseni ya lazima". Je, huo si unyang'anyi uliovishwa kanzu ya sheria? Na je, duka la dawa la hapa kwetu lingeweza kuviagiza kwa leseni hiyohiyo? Msomaji, Tanga.

JIBU: Dawa hiyo ni sorafenib, ambayo Bayer, kampuni hiyo ya Kijerumani, huiuza kwa jina la Nexavar. Leseni ya lazima ni kibali cha serikali cha kumruhusu mwingine kutengeneza dawa yenye hataza bila ridhaa ya mwenye hataza, na ile aliyoitaja daktari ilitolewa kwa kampuni ya Natco ya Hyderabad tarehe 9 Machi 2012. Mgonjwa humeza vidonge vinne kwa siku, yaani 120 kwa mwezi, na dozi hiyo ya mwezi Bayer iliiuza kwa takriban rupia 280,000. Natco iliamriwa isizidishe rupia 8,880, sawa na rupia 74 kwa kidonge.

Unyang'anyi hauna utaratibu, ilhali huu ulikuwa nao. Kwa sheria ya India, sharti miaka mitatu ipite tangu hataza itolewe, na mwombaji aanze kwa kumbembeleza mwenye hataza ampe leseni kwa hiari. Natco ilifanya hivyo, ikakataliwa. Ndipo Mdhibiti wa Hataza alipoona kuwa dawa iliwafikia wagonjwa wachache mno, kwamba bei haikuwa ya kumudika, na kwamba dawa haikutengenezwa India bali iliagizwa tu kutoka nje. (Hoja hii ya mwisho kwangu ni dhaifu: mgonjwa hajali kiwanda kiko wapi, mradi dawa ipo na anaimudu.) Bayer ilijitetea kuwa Cipla, kampuni nyingine ya India, nayo ilikuwa ikiuza sorafenib ya bei nafuu, hivyo umma haukupungukiwa, lakini wakati huohuo ilikuwa imeishtaki Cipla ili ikomeshe mauzo hayo. Hata hivyo Bayer haikuachwa mikono mitupu. Hataza ilibaki yake, na Natco ilipaswa kuilipa mrabaha wa asilimia 6 ya mauzo, uliopandishwa hadi 7 katika rufaa ya mwaka 2013. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Bombay iliiacha leseni isimame.

Ama swali lako la pili, jibu ni hapana, kwa kuwa leseni ile iliruhusu kuuza ndani ya India pekee. Tanzania ina nafasi yake nyingine: kwa kuwa ni miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni zaidi, kanuni za Shirika la Biashara Duniani haziilazimishi kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Kwa sorafenib, hataza ya India yenyewe ilikwisha muda wake mwaka 2020, kwa hiyo la kumuuliza mfamasia wako leo si leseni, bali kama vidonge anavyotaka kukuagizia vimesajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania.