Mashine pepe mbili, memori moja

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi fundi kompyuta niko Ngamiani hapa Tanga, kuna ofisi naihudumia ina sava moja ya Linux yenye KVM (sehemu ya Linux ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kisoftiwea ndani ya kompyuta moja), ndani mashine pepe mbili, moja inapokea picha za kamera ya getini afu inairushia ya pili izichambue. Zinapita netiweki ya ndani kwa ndani lakini prosesa inahema muda wote. Kaka mmoja kaniambia zote zisome memori moja, yamkini hilo? Na usalama je?

JIBU: Inawezekana mdogo wangu. Netiwekini kila picha inanakiliwa mara kadhaa, itoke kwenye programu iingie keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mashine ya kwanza, ipite kwa haipavaiza, yaani programu inayoendesha mashine pepe, iingie keneli ya pili, ndo iifikie programu ya kuichambua. QEMU, programu inayoshirikiana na KVM kuigiza vifaa vya mashine pepe, ina kifaa kinaitwa ivshmem: unaweka faili kwenye /dev/shm (folda inayokaa kwenye memori) ya sava yenyewe, unazipa mashine zote mbili faili hilohilo kwa share=on (mpangilio wa kulitumia kwa pamoja), na kila moja inaliona kama kadi ya PCI iliyochomekwa, memori yenyewe iko BAR 2, moja ya madirisha ya memori ya kadi hiyo. Ukubwa uwe 16, 32, 64 MB, unaenda kwa kuzidisha mbili hivyo. Picha ya 1920 kwa 1080 yenye baiti 4 kila nukta inakula kama MB 8.3, nafasi tatu za kupokezana ni kama 25, basi chukua 32.

Sasa kazi ndo inaanza. Memori haimwiti mtu. ivshmem-plain haina kengele, wa pili lazima achungulie mwenyewe, na akichungulia bila kupumzika prosesa itapanda vilevile. Ukitaka waitane kuna ivshmem-doorbell pamoja na ivshmem-server, hapo kila mashine inapewa namba na inamgongea mwenzie kwa intarapti, ishara ya kuikatiza prosesa ishughulikie jambo. Halafu mmoja aandike tu, mwingine asome tu, picha iingie yote, weka kizuizi cha memori (amri ya kuhakikisha kilichoandikwa kwanza kinaonekana kwanza), ndo usogeze namba ya picha mpya, maana ukitanguliza namba mwenzio atasoma picha nusu, na kosa lenyewe linatokea siku mojamoja mpaka utaisingizia kamera. Kufuli, zile alama za kumzuia mwenzio asiguse memori ukiwa unaitumia, achana nazo, mashine ikizimika imeishika nyingine itasubiri tu.

Usalama naomba uusome taratibu. Tunatenganisha mashine pepe ili moja ikivamiwa nyingine ipone, na hapa umetoboa ukuta, tena upande wa ile inayopokea vitu vya nje. Wa pili akisoma urefu wa picha, akaukagua, afu akausoma tena palepale, mvamizi keshaubadilisha katikati. Nakili kwanza maelezo ya picha kwenye memori binafsi ya huyo wa pili, kagua nakala, tumia nakala hiyohiyo. Xen, haipavaiza nyingine, kwa macho yangu wamelipanga vizuri zaidi, mashine inatoa ruhusa ukurasa mmojammoja wa KB 4, kwa mashine iliyotajwa, na inaweza kusema kusoma tu.

Ila kabla hujagusa chochote angalia kadi za netiweki za hizo mashine, kama ni e1000 za kuigiza (zinazojifanya kadi halisi) badilisha ziwe virtio, zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe, na uwashe vhost, inayohamishia kazi ya netiweki kwenye keneli ya sava, huenda prosesa ikatulia hapohapo na ukuta ukabaki mzima.