Moyo ukidunda, usisome nyuso za watu

Siku ya kwanza kusoma hesabu za VICOBA yetu, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nilimaliza nikiwa na hakika kwamba wenzangu wananishuku wizi. Nilikuwa mweka hazina mpya. Sanduku liko mbele yangu, kufuli zote tatu zimeshafunguliwa, daftari mkononi, viganja vimelowa jasho. Nilipotaja hisa za mwezi, mwenyekiti akakunja uso. Kuinua macho tena, na jirani yake kakunja. Mama mmoja wa nyuma akamwinamia mwenzake, wakanong'onezana. Nikazidi kuharakisha, sauti ikazidi kushuka, na kila iliposhuka nyuso zikazidi kukunjamana.

Usiku sikulala. Nilijumlisha upya mara nne, jibu likaja lilelile. Asubuhi nikaenda kwa mwenyekiti kumwomba atafute mtu mwingine. Akashangaa.

"Mwanangu, mvua ile juu ya bati, na sauti yako ile, nani alisikia kitu? Tulikuwa tunaulizana umesema ngapi."

Mvua! Nilikuwa nimeisahau kabisa. Na zile sura zilizonitisha, nilizikunja mwenyewe kwa kunong'ona.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili mwaka 2017. Waliwavutisha watu hewa yenye asilimia 7.5 ya hewa ukaa, ambayo humtia mtu wasiwasi kwa muda, na wakawaonyesha picha za nyuso. Wasiwasi ulipopanda, watu walikosea zaidi kutambua hisia kwa jumla, na walielekea kuona hasira badala ya furaha. Kilichonigusa ni kwamba wasiwasi wa saa ileile tu, hata kwa mtu mzima wa afya, unatosha kumharibia macho.

Kwa hiyo sasa sura niliyoiona moyo ukidunda siihesabu kuwa ushahidi. Nashusha pumzi taratibu, kisha nauliza. Ila angalia unavyouliza. "Mbona umekasirika?" ni swali baya, hata asiyekasirika atakasirika. Uliza kuhusu kazi iliyo mbele yenu: "Mnanisikia?" au "Kuna mahali hapajaeleweka?" Kama mtu kweli ana kinyongo, mara nyingi hapo ndipo atakitoa, nawe utajibu neno lililosemwa badala ya kubahatisha kipaji cha uso.

Na kama hofu ya macho ya watu imekufanya ukwepe kazi, ibada, hata misiba, tena kwa miezi, tafadhali nenda hospitali uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Ni hali inayotibika, na wala si upungufu wa imani.

Jumamosi iliyopita baba mmoja alinikunjia uso katikati ya hesabu. Tumbo likanicheza kama zamani. Nikaacha kusoma kidogo, nikamuuliza, "Baba, kuna mahali hapajaeleweka?"

"Rudia hapo kwenye faini," akasema.

Nikarudia.