Acha kukimbia kwanza mwanangu, kaonwe hilo goti

*Shikamoo Anti. Nina miaka 14, nasoma kidato cha pili, naishi Dar es Salaam na mama na wadogo zangu wawili. Juzi nilipima kwenye mzani wa barabarani nikakuta kilo 121. Urefu wangu ni sentimita 168. Shuleni wananiita Tani. Nataka nipungue kilo 40 kabla shule hazijafunguliwa Januari. Asubuhi na mchana sili, nakula usiku tu. Alfajiri najifunga nailoni tumboni, navaa sweta, nakimbia. Kuna dada jirani ananiuzia chai ya kukata mafuta, nikinywa naharisha. Mwanzo nilipungua kilo nne, zimesharudi zote. Goti la kushoto linauma wiki ya tatu sasa, nachechemea lakini nakaza. Nalala nakoroma mpaka wadogo zangu wamehama chumba, na darasani nasinzia. Shingo imekuwa nyeusi, mama ananisugua kwa dodoki akisema ni uchafu. Mambo ya chai na kukimbia hayajui. Anasema huu ni mwili wa baba, niache kujisumbua. Nimechoka kuchekwa.*

Marahaba mwanangu. Naanza na goti, maana hayo mengine yote yanaweza kungoja siku mbili tatu, lenyewe haliwezi.

Kijana wa umri wako mwenye uzito mkubwa akianza kuchechemea, daktari haishii kwenye goti, anapanda mpaka kwenye nyonga. Bado unakua, kwa hiyo kichwa cha mfupa wa paja hakijashikana kabisa na mfupa wenyewe. Uzito ukizidi, kichwa hicho kinaweza kuteleza taratibu kutoka mahali pake. Maumivu yake mara nyingi yanasikika pajani au gotini, ndiyo maana watu wanachua goti wiki nzima na huku nyonga inaharibika. Siwezi kukuambia kuwa ndicho ulicho nacho. Itakayosema ni eksirei ya nyonga zote mbili. Tatizo hilo likiwahiwa, huwa wanaukaza mfupa kwa skrubu na mtoto anarudi kutembea. Likichelewa, kuchechemea kunaweza kuwa kwa maisha. Kwa hiyo kuanzia leo hakuna kukimbia wala kuruka, usiukanyagie sana huo mguu, na kesho uende hospitali. Ukifika hatua ya kushindwa kabisa kuukanyagia, mama akupeleke usiku huohuo.

Maana yake mama lazima ajue leo. Mwambie "mama, goti linauma wiki ya tatu". Mzazi akisikia hivyo hakai. Hayo ya chai na nailoni utamwambia mkiwa njiani.

Nailoni inakutoa jasho, na jasho ni maji. Ukinywa vikombe vichache, mzani unarudi palepale. Chai hizo nyingi zina sanamaki, dawa ya kuharisha. Haigusi mafuta hata kidogo. Inatoa maji na chumvichumvi ambazo moyo wako unazihitaji ili upige sawasawa, na wewe unainywa tumbo likiwa tupu kisha unakwenda kukimbia. Hapo ndipo uliponitisha, mwanangu. Na kesho huyo dada akikuletea vidonge, kataa. Sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi, bado inakutwa imefichwa ndani ya dawa zinazouzwa kama za mitishamba.

Shingo mwambie mama asiisugue tena. Ule weusi mnene kwenye shingo na makwapa mara nyingi ni dalili kwamba mwili unahangaika na insulini, homoni inayoongoza sukari ya damu, njia inayoweza kuishia kwenye kisukari, na dodoki litakuchubua tu. Hospitali waambie wakupime sukari, presha, mafuta kwenye damu na ini. Waeleze pia habari ya kukoroma, hasa kama wadogo zako wameshakusikia unakata pumzi usingizini. Kusinzia kwako darasani huenda kunatokea hapo, wala si uvivu.

Kilo 40 kufikia Januari ziache. Madaktari wanaohudumia vijana wenye uzito kama wako hufurahi wakiona nusu kilo kwa wiki, na hata kilo sita za kwanza zinaweza kuanza kushusha presha na sukari. Kushinda njaa kutwa hakukufikishi huko. Njaa ya mchana unailipa usiku, tena kwa riba. Kula asubuhi, kula mchana, kula jioni mapema.

Mama yake, naomba nawe usome hapa. Uko sahihi kwamba mwili unarithiwa, na kama baba yake ana kisukari au presha mwambie daktari. Lakini kurithi si sababu ya kukaa tu. Mtoto huyu hawezi kupungua peke yake wakati chungu ni chako. Usimpikie chake pembeni, nyumba nzima ile chakula kimoja. Anza na vinywaji: soda moja ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Chai ya asubuhi ipungue sukari kidogokidogo, juisi za boksi zisiingie ndani. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe. Ugali uwe robo ya sahani, nusu iwe mchicha, matembele au kabichi, iliyobaki maharage, dagaa au samaki. Chipsi na maandazi yawe ya siku moja moja. Usimfungie kabati, usimtanie mbele ya wageni. Simu zilale sebuleni usiku, kijana anahitaji saa nane mpaka kumi za usingizi.

Mazoezi yatakuja daktari akisharuhusu mguu. Shirika la Afya Duniani linataka watoto na vijana wapate dakika 60 kwa siku, lakini wewe unaweza kuanza na kumi. Kutembea kunatosha, na baharini mkiwa na mtu mzima ni pazuri zaidi kwa sababu maji yanabeba uzito wako.

Utasikia habari za sindano za kupunguza uzito na za puto linalowekwa tumboni hospitali ya Mloganzila. Marekani waliruhusu semaglutide, moja ya sindano hizo, kwa wenye miaka 12 na zaidi mwaka 2022, na wapo vijana wanaofanyiwa upasuaji. Hayo mzungumze na bingwa wa watoto, muombe rufaa ya kwenda Muhimbili. Usinunue chochote kwenye simu.

Kuhusu hilo jina la Tani, mama aende kwa mwalimu wa darasa au wa malezi awaambie wazi kwamba linakuumiza. Ukizidiwa, ukaona huna hamu ya kuishi, piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, uongee na mtu siku hiyohiyo.

Na pakiti za chai zilizobaki usizitupe. Zibebe kesho, daktari aone ulichokuwa unakunywa.