Niliahirisha chuo kwa ajili yake

SWALI: Nina miaka 24. Niliahirisha chuo kwa ajili ya mpenzi, naye ameniacha. Kila nikipanga malengo naishia kumkumbuka. Nianzie wapi?

JIBU: Dada yetu, hapo kuna mambo mawili: kumpoteza yeye na kuahirisha chuo. La kwanza halina ratiba. La pili lina tarehe ya mwisho ya maombi, itafute leo. Kisha chagua lengo moja tu la miezi 3, ulitengee dakika 30 kila siku, saa ileile. Wengi hukwama kwa sababu huandika malengo 10 usiku wa hasira, mengi yakiwa ya kumkomoa yule bwana. Jiulize: kama hatajua kamwe, bado unalitaka? Na picha zake acha kuzichungulia, angalau mpaka fomu zitumwe.