Colt ya 1873: kagua chuma kwanza, bei baadaye

Bastola ya Colt Single Action Army, yaani Colt ya 1873, iliyosuguliwa ikang'aa kama mpya huwa imeshapoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Ile iliyopauka ikageuka hudhurungi, lakini kona zake bado kali, ndiyo wakusanyaji wanayoigombania. Basi jiulize mambo mawili: je, vipande hivi vilitoka kiwandani pamoja? Na je, vimechakaa kwa kiwango kimoja?

Kabla ya yote, hakikisha haina risasi. Elekeza mtutu mahali salama, vuta nyundo hadi mlio wa pili, fungua kilango cha upande wa kulia, kisha zungusha silinda utazame matundu yote sita. Fanya hivyo hata kama muuzaji ameshakagua mbele yako.

Sasa namba. Zitafute chini ya fremu mbele ya kikingio cha kifyatulio, kwenye kikingio chenyewe, na chini ya kitako. Zote tatu zilingane. Bastola za miaka ya mwanzo zina namba pia kwenye silinda na chini ya mtutu. Tumia lenzi inayokuza mara 10. Namba ya asili imelika sawasawa na chuma kinachoizunguka. Iliyopigwa juzi ina kingo zinazokwaruza ukucha. Laza rula ya chuma juu yake: mwanga ukipenya katikati, ujue namba ya kwanza ilifutwa kwa tupa na chuma kikabonyea. Ila bastola za jeshi la Marekani zenye alama ya U.S. zilizokatwa mtutu kutoka inchi 7½ hadi 5½ miaka ya 1890 zilichanganywa vipande wakati wa kazi hiyo, kwa hiyo namba kutolingana kwake si dosari.

Soma pia tarehe za hataza (haki za uvumbuzi) upande wa kushoto wa fremu. Za mwanzo zina mbili tu, 1871 na 1872. Ya tatu ni 19 Januari 1875. Ukiambiwa bastola ni ya 1874 na tarehe hiyo ya tatu ipo, rudisha mezani.

Pima mtutu kuanzia mdomoni hadi unapokaribiana na silinda. Urefu wa kawaida ni inchi 4¾, 5½ na 7½, yaani takriban milimita 121, 140 na 190. Uliokatwa mtaani hujulikana kwa maandishi ya juu: hayakai tena katikati, na kilengeo cha mbele kina dalili za kuhamishwa.

Kwenye rangi ndiko wengi wanakolizwa. Kwa kawaida mtutu na silinda vilitiwa buluu iliyokoza, na fremu ikachomwa ikapata mabaka ya rangi kama mawingu. Matumizi halisi hufuta buluu kwanza pale panaposuguana na ala ya ngozi: pande za mdomo wa mtutu na kingo za silinda. Mabaka ya fremu hubaki mafichoni, kuzunguka nyundo na kwenye pembe ambazo kidole hakifiki. Fremu ikiwa na rangi kali kila mahali huku kitako kimebaki chuma kitupu, imepakwa upya. Angalia vishimo vya kutu: rangi ikiwa imeingia hadi ndani ya kishimo, ilitiwa baada ya kutu. Mashine ya kung'arishia nayo huacha ushahidi: herufi hufifia upande mmoja, na midomo ya matundu ya skrubu hulegea ikawa kama sahani.

Kukagua mitambo ni kazi ya haraka. Vuta nyundo polepole. Itoe milio minne, na silinda ijifunge barabara nyundo inapofika mwisho. Silinda ikichezacheza hapo, kifungio au vikato vyake vimelika. Ishushe kwa kidole gumba, usiiachie ipige bure.

Ndani ya mtutu tarajia vishimo, maana mabaki ya baruti nyeusi huvuta unyevu. Mifereji inayoizungusha risasi ikionekana vizuri, inatosha. Usiifyatue kwa risasi za baruti isiyo na moshi. Colt haikuziidhinisha kwa bastola hii hadi 1900. Usiisugue kwa msasa wala pamba ya chuma. Mafuta mepesi na kitambaa laini, basi.

Sheria ya shirikisho ya Marekani huhesabu silaha iliyotengenezwa hadi mwisho wa 1898 kuwa ya kale, lakini ukiwa nchi nyingine uliza polisi wa huko kwanza, kwa sababu umri peke yake huenda usikuondolee haja ya leseni.

Kwa bastola ya bei kubwa, agiza barua kutoka kumbukumbu za kampuni ya Colt. Kwa kawaida hutaja tarehe ya kusafirishwa, urefu wa mtutu na rangi. Barua ikisema nikeli na inchi 4¾, na mkononi una buluu ya inchi 7½, lipa bei ya vipuri tu.