Maswali ya Wasomaji: Mkanda Umekwama, Hamu Imepungua

SWALI: Habari za kazi. Nina mkanda wa kijani wa karate ya mtindo wa Shotokan na nimefeli mtihani mara mbili, zote kwenye kata (mfululizo wa miondoko iliyopangwa) iitwayo Heian Yondan. Mwalimu ananiambia niongeze bidii. Lengo langu ni kupata mkanda wa zambarau mwaka huu, lakini sasa hata kuvaa gi (vazi la karate) naona mzigo. Nifanyeje? — Msomaji, Tanga

JIBU: Pole, ndugu yetu. Tunaona lengo lenyewe ndilo linalokuchosha. Mkanda hutolewa na mtahini, siku anayoipanga yeye. Ukiwa na lengo hilo tu, miezi yote ya katikati huna cha kukuonyesha kama umesogea au la. "Ongeza bidii" nayo haipimiki. Mfuate mwalimu baada ya mazoezi, umuulize kwa heshima: "Sensei, ni sehemu zipi mbili za kata zilizoniangusha?" Atakazotaja ndizo malengo yako.

Heian Yondan ina hatua 27, na wengi huharibikiwa mahali pawili. Pa kwanza ni kokutsu dachi, mkao wa kuegemea nyuma, ambapo asilimia 70 ya uzito hukaa mguu wa nyuma. Mtu akichoka, uzito huhamia mbele na goti la nyuma huangukia ndani. Jipime hivi: simama kokutsu, kisha inua mguu wa mbele ukisogeza kiwiliwili nyuma kidogo tu. Ukilazimika kujivuta nyuma sana kwanza, uzito haukuwa mahali pake.

Pa pili ni yoko geri keage, lile teke la pembeni linalofuatwa na pigo la kiwiko. Wengi hudhani wamefeli kwa sababu teke halikufika juu. Mara nyingi tatizo ni goti: halikuinuliwa kwanza, mguu ukapanda umenyooka, mwili ukalalia upande wa pili, na mtu akaangukia kwenye kiwiko badala ya kukipiga. Shika ukuta. Inua goti hadi unyayo uguse ubavu wa goti la mguu uliosimamia, tulia sekunde 5. Piga teke usawa wa kiuno tu, rudisha unyayo palepale gotini, tulia tena sekunde 5, ndipo ushushe. Mara 10 kila upande. Watu huruka zile sekunde 5 za kurudi, na hapo ndipo nyonga hujengeka.

Panga wiki 6, siku tatu kila wiki, dakika 15 kila siku, nje ya darasa. Wiki mbili za kwanza fanya hayo mawili tu. Ukipata mateke 8 safi kati ya 10, songa mbele. Wiki mbili zinazofuata unganisha kata vipande vitatu: mwanzo hadi kiai (ukelele wa nguvu) ya kwanza, kutoka hapo hadi mwisho wa ngumi zinazofuata kakiwake uke (kinga ya kutenganisha kwa mikono miwili) ya pili, kisha kilichobaki. Wiki mbili za mwisho fanya kata nzima mara tatu kila siku ya zoezi: polepole bila nguvu, kwa kuhesabu, halafu kwa kasi ya mtihani ukitazama ukuta usiouzoea. Wanaokariri kwa kufuata dirisha la dojo (ukumbi wao wa mazoezi) hupotea kwenye ukumbi mgeni. Chora alama ya chaki unapoanzia. Ukimaliza mbali nayo, hatua zako hazilingani urefu.

Kuhusu uvivu: siku mbaya punguza kipimo, usifute siku. Vaa gi, fanya dakika 5 za kokutsu, andika daftarini, basi. Lakini kama goti au nyonga inauma, pumzika na umwambie mwalimu.

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 alipenda sana karate hadi alipopata mkanda wa njano. Sasa analia siku za mazoezi. Nimuahidi baiskeli? — Mama, Mombasa

JIBU: Mama, baiskeli iache kwanza. Muulize ni sehemu gani ya somo haipendi. Katika umri huu na mkanda huu, mara nyingi ni hofu ya gohon kumite, anaposhambuliwa hatua tano mfululizo na mtoto mrefu kuliko yeye. Mwombe mwalimu ampe mwenzake wa kimo chake na ahesabu taratibu. Lengo la mtoto lisizidi wiki moja: mathalani kusimama kiba dachi (mkao wa mpanda farasi) sekunde 30 bila kuinuka. Kubalianeni amalize muhula, kisha aamue mwenyewe, na uamuzi wake uheshimiwe.

SWALI: Napiga mae geri (teke la mbele) 200 hewani kila siku kwa nguvu zote ili nisipoteze ari. Goti limeanza kuuma. — Msomaji, Nakuru

JIBU: Acha hadi maumivu yaishe, yakiendelea, muone daktari. Teke la hewani halina kitu cha kulizuia, kwa hiyo goti hujinyoosha kupita kiasi. Ukirudi, piga 30 kwa nusu ya nguvu, ukivuta mguu haraka kuliko ulivyoupeleka. Nguvu zote zipeleke kwenye mfuko wa mazoezi, siku mbili kwa wiki.